Mdoli Hana Ukoo

Katika chumba cha mazoezi cha shule ya uuguzi niliyofundisha Meru kulikuwa na mdoli wa plastiki mwenye umbo la mwanamke mzima, ngozi ya rangi ya waridi na macho ya samawati yasiyofumba. Alikuja ndani ya sanduku kutoka ng'ambo kabla sijaajiriwa, pamoja na vitabu ambavyo wagonjwa wake wote waliishi ghorofani na walikula mkate kwa supu. Kwa mdoli huyo ndiko wanafunzi walikojifunzia kumwogesha mgonjwa kitandani: uso kwanza, kisha mikono, kifua, tumbo, miguu, mgongo, halafu maji yanabadilishwa na sehemu za siri zinaoshwa mwisho. Mdoli hakuona haya. Hakuwa na mwana wala mkwe, na hakuna mzee popote duniani ambaye angeulizwa habari zake. Mwanafunzi yeyote alimfunua, akamwosha, akamfunika, kisha akaenda kula githeri yake na ikashuka vizuri.

Nilifundisha kwa mdoli huyo miaka mingi na nilimchukia, nasema wazi. Watu huniambia kwamba plastiki haina kosa. Najua. Lakini waliomnunua walikuwa mbali na mimi, yeye alikuwa karibu.

Mimi ni mtu wa Kibugu, upande wa Embu, kwenye majani chai chini ya msitu wa Mlima Kenya. Meru nilikwenda kwa sababu ya kazi, nikapanga chumba Majengo nyuma ya bucha, na majirani zangu Waislamu wakanizoea upesi kwa kuwa nilijua kudunga sindano. Kiembu changu na Kimeru chao vilielewana kwa taabu kidogo, kama ndugu waliolelewa nyumba mbili. Kwa hiyo nilijua maana ya kuwa mgeni mahali ambapo watu wanadhani wewe ni mwenyeji, na labda ndiyo sababu nilimwona kijana yule mapema.

Alitoka Tharaka, huko chini kwenye joto, na hakuna mtu wa kijiji chao aliyewahi kuingia shule yetu kabla yake. Ilikuwa miaka ya themanini, wavulana walikuwa bado wachache katika kazi ya uuguzi, na yeye alikuwa mchache kati ya wachache. Wanafunzi wa milimani waliokulia kwenye kahawa na chai walimcheka alivyotetemeka kwa baridi ya asubuhi. Walimwuliza kama mbuzi wao wanalala ndani au nje. Yeye alicheka nao, maana angefanya nini, lakini alikula peke yake.

Shule ilikuwa na sheria kwamba wodini hakuna lugha ya nyumbani. Kiingereza kwa walimu, Kiswahili kwa wagonjwa, na ukipatikana unasema Kimeru unafagia ua wa mochari. Sasa fikiria bibi kizee wa Tharaka ambaye Kiswahili chake chote ni "jambo" na "asante." Masista walipokwama walimwita kijana chini chini: njoo utuulizie huyu nyanya anaumwa wapi. Asubuhi anaitwa atafsiri, alasiri mtu mwingine amemsikia, na jioni anafagia. Nilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa walimu. Mkuu wa shule aliniambia sheria ni sheria, na kwamba kufagia hakujamwua mtu.

Mkuu wetu alikuwa mwanamke wa milimani, mcha Mungu, hodari, mwenye kauli moja. Simsemi kama shetani. Aliijenga shule ile kutoka mabanda matupu, na wasichana wengi wa tarafa hizo wasingevaa sare nyeupe bila yeye. Lakini alikuwa ameamua kwamba ustaarabu ni mlango mwembamba, na kila anayepita aache mzigo wake nje. Isipokuwa siku ya mashindano ya nyimbo. Siku hiyo tulivaa ngozi, tukapiga ngoma, tukaimba mwacha mila ni mtumwa, tukaleta kikombe nyumbani, na kikombe kikawekwa juu ya kabati la ofisi yake. Kijana wa Tharaka ndiye aliyekuwa ametufundisha ngoma ile.

Mwaka wake wa mwisho, kiangazi kilipokuwa kimekaza, mama yake mkubwa alianguka kwenye ukingo wa mto akiwa na mtungi wa maji mgongoni, akavunjika paja. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mama yake mzazi. Mama mzazi aliugua sana baada ya kujifungua, na dada, aliyekuwa na mtoto wake titini, akamchukua mchanga yule akawanyonyesha wote wawili. Kijana alikulia kwake mpaka alipotahiriwa. Akaletwa kwetu, akalazwa wodi ya wanawake, mguu ukaning'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito mbele ya kitanda. Mguu wa namna hiyo humshika mtu chali wiki baada ya wiki. Anaoshwa hapo, anapewa chombo cha choo hapo.

Saa za kuona wagonjwa kijana alikuja kila siku na kusimama miguuni mwa kitanda, mikono nyuma. Hakukaa. Mwanamume aliyetahiriwa hakai kwenye kitanda cha mama yake wala haingii anapolala, na uchi wa mama haujui kabisa. Hilo ni la Meru, la Tharaka, la Embu kwetu, la Mbeere, na sijui ni nani kati yetu walimu ambaye hakulelewa hivyo. Likitokea, hata kwa bahati mbaya, wote wawili wanaingia katika mugiro, unajisi ambao usipotolewa unakula nyumba. Alisimama pale akimweleza habari za shule, naye alimsikiliza akitazama dari na kutabasamu.

Mtihani wa vitendo ulipofika, mtahini alitoka Nairobi. Mkuu ndiye aliyegawa wagonjwa. Nilikuwa nakula chakula cha mchana kijana aliponijia akiwa amevua kofia yake, macho chini.

"Madam, nimepewa mama."

"Mama gani?"

"Yule wa mguu. Ni bed bath, Madam. Kumwosha yote."

Nilisukuma sahani. Nilimwuliza kama amemwambia mkuu. Alisema amemwambia, na mkuu amesema wagonjwa hawachaguliwi kama nyanya za sokoni.

"Nikikataa ni kufeli," alisema. "Na nikifanya, Madam, siwezi kurudi nyumbani. Hiyo kitu si mchezo."

Hilo ndilo lililokuwa limewekwa mbele yake, wala hakulikuza: cheti au nyumbani. Nikaenda ofisini kwa mkuu nikiwa na hasira ambayo niliikunja mpaka mlangoni.

Nilimweleza taratibu kwamba wapo wagonjwa wengine, kwamba mwanafunzi mmoja wa kike yuko tayari kubadilishana naye, kwamba mtahini hatajua wala hatajali. Aliendelea kuandika.

"Nimeangalia faili yake," alisema. "Mama yake mzazi yuko hai, yuko kwao. Huyu ni mama mkubwa."

"Ndiye alimnyonyesha."

"Basi si mama yake."

"Wewe dada ya mama yako unamwita nani?"

Hapo aliweka kalamu. Alijua, naapa alijua. Mwanamke yule alikuwa na wana watu wazima ambao hawakuthubutu kupita mlango wa chumba chake cha kulala.

"Hapa hakuna mama," alisema. "Kuna mgonjwa. Siku anapelekwa zahanati huko kwao, kila mwanamke atakuwa mama yake. Ataosha nani? Atazalisha nani?"

"Ndiyo sababu tuwafundishe namna ya kufanya. Aite sista, aite jamaa wa kike, wabadilishane. Hilo ndilo somo lenyewe, na hatuna."

"Tufundishe mila ya kila kilima? Halafu dawa tutafundisha saa ngapi?"

Niliuliza kama angekubali mwanawe amwoshe. Akasema mwanawe hayuko kwenye mtihani. Nikatoka. Kuna maneno mengine niliyasema kwenye ukumbi, peke yangu, kwa Kiembu, na yangenifagisha mochari mwezi mzima.

Alasiri hiyo kijana alikwenda kumwambia mama mkubwa kwamba atakataa. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani nikifunga kidonda, nikasikia. Mama yule akamwuliza mtihani huu ukipotea kuna mwingine lini. Kijana akamwambia hakuna.

"Basi fanya," alisema. "Nilikulea usome. Mbuzi wa kuondoa hiyo kitu yuko nyumbani. Tutachinja, itaisha."

Alisema vile kwa sauti ya mtu anayepanga kupalilia. Niliposikia neno la mbuzi hata mimi nilipumua. Niliona kumbe njia ipo.

Siku ya mtihani nilisimama upande wa dirisha kumsaidia mtahini. Kitanda kilizungushiwa pazia la fremu ya mbao. Mama yule alikuwa amegeuza uso ukutani kabla hatujaingia, na leso yake ilikuwa imevutwa mpaka puani. Kijana akajitambulisha kama alivyofundishwa, akaeleza anachotaka kufanya kama alivyofundishwa, akaomba ruhusa kama alivyofundishwa. Akajibiwa kwa kichwa tu. Akapima joto la maji kwa kiwiko. Akaanza na mikono, maana uso ulikuwa umefunikwa, na mtahini akaandika kwamba mwanafunzi anaheshimu matakwa ya mgonjwa.

Aliosha vizuri. Sijaona mwanafunzi akiosha vile, kabla wala baadaye. Taulo lilifunua kidogo na kufunika mara moja, mguu wenye vyuma haukutikisika, mgongo ukasuguliwa na kukaushwa mpaka kwenye mikunjo. Alipobadilisha maji nilitazama nje, kwenye kamba za nguo za jikoni. Mtahini hakutazama nje. Ilikuwa kazi yake. Niliposikia beseni likiinuliwa nikageuka. Kijana alisema asante, mama, kwa Kiswahili, kwa kuwa Kimeru kilikuwa na adhabu.

Alipata maksi za juu kabisa. Mtahini alisema chai ikiwa mezani kwamba mkono mwepesi kama ule ni zawadi, na mkuu akafurahi, akanitazama. Kijana alikuwa kwenye bomba la nje akinawa, na alinawa mpaka mwenzake mmoja akamfungia maji.

Kuanzia hapo mama mkubwa aliacha kula. Kwanza tulidhani ni maumivu. Kisha akaacha maji, midomo ikapasuka, na masista wakaanza kumwita mgonjwa mkaidi. Nilikaa naye. Kiembu changu kilimfikia.

"Mama, mbona hunywi?"

"Nikinywa nitaletewa chombo. Nikila nitaoshwa. Nimeoshwa inatosha."

Nilimwahidi atahudumiwa na wanawake tu, tena wa makamo, na nilitimiza neno langu: mimi mwenyewe na sista mmoja wa Igembe tulimwosha kila asubuhi. Alituruhusu kama mtu anayeruhusu mvua. Alikuwa akinywa funda mbili tatu kwa ajili yetu. Hakuwa na kichaa na hakuwa na ushamba. Alikuwa anangoja mbuzi.

Ndugu wa mumewe akaja, mzee mwenye koti refu na fimbo, akakaa kwenye benchi la ukumbi mpaka nilipomaliza zamu. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto wa jirani. Mugiro wa watu wawili huondolewa kwa wawili. Wote wawepo, mbuzi achinjwe, wapakwe taka za utumbo wake, yasemwe yanayosemwa. Ni kazi ya asubuhi moja. Kwa kuwa mama hawezi kutoka kitandani, yeye yuko tayari kumleta mbuzi mpaka kwetu, nyuma kabisa, pale kwenye ua wa jikoni. Kitanda kitoke mpaka mlangoni tu. Akaniuliza nani wa kuombwa.

Ua ule wa jikoni ndipo tulipochinjia fahali wa Krismasi wa wafanyakazi kila mwaka. Nilimkumbusha mkuu hilo. Nilimkumbusha na ngoma, na ngozi, na kikombe kilichokuwa juu ya kichwa chake tukizungumza. Sikujizuia.

"Mbuzi katika hospitali," alisema. "Niandike nini kwenye ripoti? Kasisi nimwambie nini?"

"Mwambie mgonjwa ameanza kula."

"Mimi siwezi kufungua mlango wa ushirikina. Nikifungua leo, kesho wataleta mganga. Mwambie mama huyo ale. Sikio la kufa halisikii dawa."

Niliomba basi kijana apewe ruhusa, iwapo ndugu watapata namna nyingine. Alikataa na hilo: matokeo hayajatiwa sahihi na baraza, na mwanafunzi atakayetoka sasa amejifukuza.

Ndugu wakafanya walichojua. Walikuja na pikapu iliyotandikwa magunia na majani, wakaweka sahihi ya kumtoa mgonjwa kwa hiari yao, wakafungua kamba na vyuma. Paja lilikuwa halijashika. Nilimfunga mbao mbili toka nyonga mpaka kifundo, nikafunga vizuri nilivyoweza. Nilijua njia ile, mashimo yake na mito yake iliyokauka. Kijana alisimama mbali, kwenye kona ya maabara, na mama mkubwa alipopandishwa alimwambia kwa sauti, kupita vichwa vyetu vyote, "Njoo upesi."

Hakwenda upesi. Alikwenda kwa mkuu, akarudishwa. Nikaenda mimi, nikarudishwa. Akapiga magoti ofisini, jambo ambalo sikuliona, nilisimuliwa na karani, na bado nikilifikiri damu inanichemka. Alikuwa amebakiza matokeo tu. Kila mtu alimwambia avumilie, sahihi ziko njiani, cheti ni cha maisha. Hata baba yake alituma neno kwamba angoje. Nami sikumwambia aende wala asiende. Ningemwambia nini, cheti kilikuwa chake na nyumba ilikuwa yake.

Habari zililetwa na mfanyabiashara wa nafaka. Mama mkubwa alikuwa amefika kwake, akalazwa ndani ya nyumba yake, mbuzi akafungwa nje ya mlango kumngojea kijana. Mguu ulivimba, ukawa mweusi. Alikufa mbuzi akiwa hapo hapo kwenye kamba.

Shule ilikuwa na kanuni ya ruhusa ya mazishi: baba, mama, mume au mke, mtoto. Mkuu aliisoma kwa sauti, tena nadhani kwa huruma, akasema mama mkubwa hayumo. Hapo ndipo nilipopandisha sauti katika ofisi ile kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilimwambia kwamba mtihani ulisema si mama yake, na sasa kaburi nalo linasema si mama yake, na kwamba tumemnyang'anya kijana mama mara mbili tukiwa tumevaa nyeupe. Alilia. Sikutegemea kuona hilo. Alitoa leso, akafuta macho, akasema kanuni hakuiandika yeye.

Kijana akaenda bila ruhusa. Nilimwandikia kwamba nimemtuma dukani kwa vifaa vya mazoezi, na kama wangenifukuza basi wangenifukuza. Alirudi siku ile ile, jua likiwa bado juu, na vumbi la njia mpaka kwenye kope. Nilimkuta ameketi kwenye chumba cha mazoezi, karibu na mdoli. Nikamwuliza mbona hakulala.

"Nimefika kwa ua," alisema. "Wazee wakanizuia hapo. Wamesema ya watu wawili haitolewi kwa mmoja. Sasa imekaa na mimi."

"Na mama yako mzazi?"

"Alikuwa kwa boma, amesimama. Nimemwona tu."

Akasema kwamba hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Wazee walimwonea huruma, mmoja alimpa maji kwa kibuyu ambacho alivunja baadaye, lakini ndani kulikuwa na watoto, na mifugo, na mke wa kaka yake mjamzito. Hawakuwa tayari kuwachezea hao kamari, na mimi siwalaumu. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Hata yeye hakufungua ua.

Akapata cheti chake. Akaomba kazi kaskazini, mbali, mahali ambapo hakuna mwanamke yeyote anayeweza kuwa mama yake, na huko akawa muuguzi wa kutegemewa. Nilisikia habari zake kwa watu waliopita. Kila nilipoandika kumwuliza kama amefika kwao alijibu habari za mvua.

Mimi nilibaki, na kwa ukaidi. Kila mkutano wa mitaala nilisimama na kusema lile lile: wafundishwe ni nani hamwoshi nani, na wafanye nini badala yake, mama mzazi anakula nini siku za kwanza baada ya kujifungua, mugiro ni nini na unamfanyia mgonjwa nini, na mwanafunzi wa kutoka chini apewe mtu wa kumshika mkono. Walinichoka. Waliniita Mama Mila. Mkuu alistaafu, mwingine akaja, akaja na mwingine tena, na siku moja waraka ukatoka juu kwamba mambo ya jamii yaingizwe katika mafunzo. Ghafla nikawa mtu mwenye maono. Sheria ya lugha ikafutwa, na hilo lilikuwa jema, silikatai. Somo likapewa saa mbili katika muhula, mchana, baada ya chakula.

Katika saa zile mbili wanafunzi waliandika kila nilichosema. Niliwauliza waliotoka Tharaka na Mbeere watueleze ya kwao, wakatazama meza. Mmoja alisema hayo yalikuwa ya zamani, siku hizi watu wameokoka. Wengine wakacheka kidogo, na yeye akacheka nao. Kwenye mtihani kulikuwa na swali: taja sababu nne za kuheshimu mila za mgonjwa. Wote walilipata.

Nikaona kwamba mimi si mtu wa kuwafundisha hilo. Nikampigia simu kijana wa Tharaka, huko kaskazini.

"Njoo uzungumze nao," nilimwambia. "Hata saa moja."

Akaniuliza, "Nitalala wapi, Madam?"

Mtu ambaye kwao ni safari ya asubuhi kutoka shuleni. Nikamwambia atalala kwangu Majengo.

Alikuja, mtu mzima sasa, na mvi kando ya masikio. Darasani hakusema neno la mila. Alikunja mikono ya shati, akaomba beseni, akawaonyesha kuogesha kwa kutumia mdoli yule yule, aliyekuwa amechakaa na kupoteza jicho moja. Mkono ulikuwa ule ule mwepesi. Akaosha mikono, kifua akafunika, mgongo. Alipofika kiunoni akaweka kitambaa chini, akarudi nyuma, na kumwita msichana wa mstari wa mbele amalizie. Yeye akageukia dirisha mpaka msichana alipomaliza.

"Lakini sir," kijana mmoja aliuliza, "si ni mdoli tu?"

"Ni mazoea yangu," alisema.

Wakaandika. Nilipita nyuma yao nikaona wameandika kwamba kazi ya uuguzi ni ushirikiano.

Jioni, kabla giza, tulitoka kwenda kwangu. Nje ya lango, ng'ambo ya barabara, alisimama mwanamke mzee sana akiegemea fimbo, na mkono mwingine umeshikwa na msichana mdogo wa ukoo. Sijui ni nani aliyempelekea habari. Kijana wangu alisimama hapo hapo langoni. Mzee akachukua kibuyu kutoka kwa msichana, akavuka nusu ya barabara, akakiweka chini katikati, akarudi alipokuwa. Ndipo yeye akaenda, akakiokota, akafungua na kunywa. Ulikuwa uji wa mwere, mawele ya kwao, niliunusa. Alikunywa wote akiwa amesimama, bila kupumzika, na mama yake mzazi akageuza sikio upande ule kama anayemsikiliza akimeza.

Wakasalimiana kwa mbali. Wakaulizana habari za mvua.

Nilivuka kumsalimia, maana mimi sikuwa na kizuizi. Karibu naye nikaona macho yake yamefunikwa na utando mweupe, yote mawili. Alinishika kiganja kwa nguvu, akaniuliza kwa sauti ya chini ili mwanawe asisikie, "Mwalimu, niambie. Uso wake uko namna gani? Amenenepa?"

Nikamwambia amenenepa. Hakuwa amenenepa.